Karatasi ya satini ya bei nafuu mjini Tanga: pakiti nne na mizani ya keki

Nyumbani kwa mama yangu mdogo, Chumbageni, ipo picha ya harusi ambayo haiwezi tena kutolewa kwenye fremu yake. Ilichapwa kwenye karatasi ya glosi, ile yenye mng'ao mkali, ikabanwa moja kwa moja nyuma ya kioo, na baada ya masika mawili uso wa karatasi ukagandamana na kioo kiasi kwamba alipojaribu kuibandua, sehemu ya shela ya bibi harusi ilibaki kiooni. Aliyeichapa picha hiyo ni mimi, na fremu nilimchagulia mwenyewe. Sina wa kumlaumu, ila nina sababu nzuri ya kueleza kwa nini tangu wakati huo nimekuwa nikitafuta karatasi ya satini ambayo mteja wa kawaida wa Tanga anaweza kuimudu, na kwa nini tathmini hii imekuwa ndefu kuliko nilivyokusudia.

Ninachapa picha nyumbani, Makorora, kwa printa ya Epson L805, ile ya matangi yenye wino wa rangi sita. Kazi zangu nyingi ni picha za familia, za harusi na za mahafali. Picha za pasipoti ninazipokea pia, lakini hizo hazimo katika mjadala huu kwa sababu glosi ya kawaida inazitosha. Kwa picha inayokwenda ukutani au kwenye albamu, satini ina faida mbili ambazo mtu wa pwani anaziona haraka. Ya kwanza ni kwamba haionyeshi alama za vidole, na katika mji ambao viganja hutoka jasho hata saa tatu za usiku, albamu ya glosi ikishapita mikononi mwa wageni kumi huwa imejaa madoa. Ya pili ni kwamba haiakisi taa. Sebule zetu nyingi zina taa ya mrija juu ya mlango na dirisha upande wa pili, na picha ya glosi ikiwa katikati ya viwili hivyo humwonyesha mtazamaji taa na dirisha kabla ya kumwonyesha watu waliopigwa picha.

Shida ni kuipata. Maduka mengi ya steshenari mjini, kuanzia yale ya karibu na soko la Ngamiani hadi yaliyo upande wa mjini kwenye ofisi na mabenki, huuza aina moja tu ya karatasi ya picha, nayo ni glosi ya A4. Ukiuliza satini, wengine watakupa mati. Muuzaji mmoja aliniambia kwa upole kabisa, «Kaka, satini na mati ni kitu kimoja, tofauti ni jina tu.» Si kitu kimoja. Mati haina mng'ao wowote, na weusi wake hupwaya. Satini ina mng'ao uliotulia, kama wa hariri iliyokunjwa kabatini, na weusi wake unakaribia ule wa glosi.

Inafaa kueleza tofauti hiyo inatoka wapi, kwa sababu ndiyo inayomsaidia mnunuzi kutambua karatasi ya uongo. Karatasi nyingi za bei ya chini ni karatasi ya kawaida iliyopakwa tabaka la kupokea wino upande mmoja, kisha tabaka hilo likakaushwa kwenye rola laini ya moto ili ling'ae. Satini ya kweli hujengwa kwa namna nyingine: katikati kuna karatasi, pande zote mbili kuna tabaka jembamba la plastiki ya polietilini, na juu ya plastiki ya upande wa mbele ndipo linapokaa tabaka la kupokea wino. Ule umbile wa vipele vidogo sana unaouona ukiinamisha karatasi kwenye mwanga huchongwa kiwandani wakati plastiki ingali ya moto, inapopita kwenye rola baridi yenye vipele vyake. Kwa hiyo karatasi isiyo na plastiki ikiandikwa satini, shaka ni halali.

Kwa muda wa miezi minne, kuanzia kiangazi hadi masika kukolea, nilinunua pakiti nne na kuzitumia kwa kazi halisi. Zote zilikuwa za A4, karatasi 20 kwa pakiti. Ya kwanza ilikuwa glosi ya kawaida ya gramu 180, niliyoinunua Ngamiani kwa shilingi 7,000 ili iwe kipimo cha chini. Ya pili, kutoka duka jingine la hapahapa mjini, iliandikwa satini ya gramu 260 na iliuzwa shilingi 11,000. Ya tatu, satini pia, ililetwa kutoka Kariakoo kwa basi: pakiti tano kwa shilingi 16,000 kila moja, pamoja na shilingi 5,000 za kusafirisha mzigo, hivyo kila pakiti ilinifikia kwa shilingi 17,000. Ya nne ilikuwa Canon SG-201, karatasi ya kiwanda yenye mng'ao wa kati na uzito wa gramu 260, niliyoletewa na ndugu kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 36,000; hiyo niliinunua ili nijue kilele kiko wapi, si kwa matarajio ya kuitumia kila siku.

Pakiti ya pili na ya tatu hazina jina la kiwanda. Ya pili ina picha ya maporomoko ya maji, ya tatu ina picha ya kasuku, na uzoefu wangu ni kwamba mzigo ukiisha, unaofuata huja na picha nyingine kabisa huku karatasi ya ndani ikiwa ileile, au picha ileile huku karatasi ya ndani imebadilika. Ndiyo maana sitamwambia msomaji atafute kasuku. Nitamwambia namna ya kuipima karatasi yenyewe.

Kipimo cha kwanza ni mizani. Uzito unaoandikwa kwenye pakiti ni wa mita moja ya mraba, na karatasi 16 za A4 ndizo zinazotimiza mita hiyo. Kwa hesabu hiyo, karatasi 20 za gramu 260, bila bahasha yake, zinapaswa kuwa na uzito wa takriban gramu 324; za gramu 230 ziwe 287; za gramu 200 ziwe 249 au 250; na za gramu 180 zisipungue 224. Jirani yangu huoka keki na ana mizani ya kidijitali ya kupimia unga, basi nikaenda kwake na pakiti zangu nne chini ya kwapa. Glosi ya bei rahisi ilikuwa na gramu 225, kama ilivyojieleza. Canon ilikuwa na gramu 325. Ile ya kasuku ilikuwa na gramu 318, yaani karibu 255 kwa mita ya mraba, kasoro ambayo naisamehe. Ile ya maporomoko ilisimama kwenye gramu 250. Iliyoandikwa 260 ni 200, na kati ya zile mbili nilizonunua hapahapa mjini, iliyosema kweli kuhusu uzito wake ilikuwa ile ya shilingi 7,000 ambayo haikujidai chochote.

Kipimo cha pili ni kuchana. Chana pembe ya karatasi moja polepole: yenye plastiki huacha utando mwembamba unaovutika kwenye ukingo, na isiyo na plastiki hupasuka kwa nyuzinyuzi kama daftari. Kipimo cha tatu ni tone la maji nyuma ya karatasi. Kwenye plastiki tone husimama, na ukilifuta hakuna alama. Kwenye karatasi tupu hunywewa na pale mahali hufutuka. Cha nne, ambacho wapiga picha wengi wanakijua, ni kupitisha kidole kikavu kwenye pembe ya upande wa kuchapia: tabaka lenye vitundu vidogo hunata kidogo na hukausha wino mara moja, ilhali lile laini la aina ya jelatini huteleza na huchelewa kukauka. Karatasi ya maporomoko ilishindwa kipimo cha pili na cha tatu. Ilikuwa karatasi ya kupakwa, iliyogongwa mchoro wa vipele kwa juu. Nilipoirudisha dukani, muuzaji aliniambia kwamba pakiti ikishafunguliwa hairudi, jambo ambalo lina haki yake, isipokuwa kwamba bila kuifungua hakuna namna ya kuipima.

Sasa tuje kwenye uchapaji wenyewe. Kwa zote nne nilitumia picha moja, niliyoichagua kwa makusudi kwa sababu ina kila kinachosumbua: mwanamke aliyevaa kanga yenye wekundu mzito, mzee mwenye kanzu nyeupe, nyuso tatu ambazo weusi wake unatofautiana, na nyuma yao ukuta wa chokaa uliokwishakuwa wa kijivu. Kwenye draiva ya printa, yaani programu ya kompyuta inayoiendesha, nilichagua aina ya karatasi yenye mng'ao wa kati, ile iitwayo Premium Semigloss, na ubora wa juu. Hatua hiyo si mapambo. Ukiacha printa iamini kwamba imepewa karatasi ya kawaida, hupunguza wino na kubadilisha mgawanyo wa rangi, na satini bora kabisa hutoka imefifia kama picha ya gazeti. Nusu ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu karatasi za picha hapa mjini yanaishia kwenye kisanduku hicho kimoja ambacho hakikuguswa.

Canon ilitoa picha ambayo sikuwa na la kuongeza. Ngozi zilitoka na joto lake, ukuta ulibaki wa kijivu, na kwenye kivuli cha kanga mikunjo ilionekana yote. Karatasi ya kasuku, bila marekebisho, ilizipa nyuso wekundu uliozidi kidogo na kuutia ukuta dalili ya zambarau. Karatasi kama hizi huwa hazina profaili ya rangi ya kupakua, yaani faili linaloielekeza printa namna ya kutoa rangi sahihi kwenye karatasi hiyo, hivyo mchapaji hana budi kujitengenezea marekebisho yake. Nilipunguza wekundu kwa hatua chache kwenye draiva, nikachapa vipande vidogo vitatu kwenye karatasi moja, na cha tatu kilinitosheleza. Tangu hapo nimehifadhi mpangilio huo kwa jina lake na ninautumia bila kuufikiria. Weusi wake ni hafifu kuliko wa Canon ukizilaza bega kwa bega kwenye mwanga wa jua, lakini sijapata mteja aliyeletewa picha mbili azilinganishe bega kwa bega.

Kanzu ilinipa funzo ambalo sikulitarajia. Ndani ya nyumba, chini ya taa, weupe wake kwenye karatasi ya kasuku ulikuwa mzuri. Barazani, mchana, ukawa na ubluu kama nguo iliyozidishiwa bluu ya kufulia. Hii ni kazi ya viang'arishaji vinavyochanganywa kwenye karatasi, ambavyo huichukua miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa bluu ili karatasi ionekane nyeupe zaidi. Viang'arishaji hivyo huchoka kadiri miaka inavyopita, na weupe ukarudi kwenye umanjano wake wa asili. Kwa picha ya albamu si neno. Kwa picha kubwa ya mzee wa familia itakayokaa ukutani mkabala na dirisha, mteja aelezwe mapema.

Kuhusu karatasi ya maporomoko nitasema machache. Wino ulipokuwa mwingi, yaani kwenye kanga na kwenye kivuli, ilijikunja mawimbi kabla haijatoka kwenye printa, na kati ya karatasi 20 nne ziliharibika kwa kichwa cha printa kugusa yale mawimbi na kuacha mistari myeusi. Rangi zilikuwa butu.

Hapo ndipo hesabu ya bei inapobadilika. Pakiti ya shilingi 11,000 iliyonipa picha 16 nzuri, kila picha imenigharimu karibu shilingi 690 za karatasi peke yake, achilia mbali wino uliomwagika kwenye zile nne. Pakiti ya kasuku ya shilingi 17,000 ilinipotezea karatasi moja, ile ya majaribio ya rangi, na 19 zilizobaki zimesimama kwenye takriban shilingi 895 kila moja. Canon ni shilingi 1,800 kila karatasi, na hakuna iliyoharibika. Tofauti ya shilingi 205 kati ya satini ya uongo na satini ya kweli ni ndogo kuliko nauli ya mteja kurudi kulalamika.

Wenye kuchapa picha za albamu wana jambo jingine la kuangalia. Wengi hukata A4 vipande vinne na kudhani wamepata picha za 4R, kipimo cha kawaida cha picha za albamu. Robo ya A4 ni milimita 105 kwa 148, ilhali 4R ni 102 kwa 152, hivyo kipande hicho ni kipana mno kwa mfuko wa albamu na ni kifupi mno kwa urefu wake. A4 moja inatoa picha tatu kamili za 4R: mbili zikisimama ubavu kwa ubavu, na ya tatu ikilala chini yake. Mbili zile zina upana wa milimita 204, ambao ndio hasa upana unaobaki ukiacha ukingo wa milimita tatu kila upande, kwa hiyo hupangika bila kubaki nafasi ya hata uzi. Kwa karatasi ya kasuku hiyo ni kama shilingi 300 kwa picha moja. Mabaki ya pembeni siyatupi. Ndiyo ninayochapia majaribio ya rangi.

Jaribio lililonihusu zaidi lilikuwa la kioo. Niliziweka picha zote nne kwenye fremu za bei rahisi, uso ukigusa kioo, nikazitundika jikoni ambako mvuke wa sufuria hukutana na unyevu wa masika, na nikaziacha wiki sita. Glosi ilianza kuonyesha mabaka yanayofanana na doa la mafuta, yaani sehemu ambazo karatasi na kioo vimeshikana, tangu wiki ya tatu. Karatasi ya maporomoko ilikuwa na mabaka mawili. Satini zote mbili za kweli, ya kasuku na ya Canon, hazikuwa nayo, kwa kuwa vile vipele huacha hewa kidogo kati ya karatasi na kioo. Wiki sita si miaka miwili, na mimi mwenyewe siweki tena picha ya mteja ikigusa kioo: ninatanguliza kadi nene iliyokatwa dirisha, nayo huongeza gharama kidogo tu. Vilevile, picha yoyote inayochapwa msimu wa mvua huilaza wazi saa 24 kabla ya kuitia kwenye fremu, kwa sababu wino ulio mkavu kwa kidole bado una unyevu ndani, na ukiufungia mapema hutoka kama ukungu upande wa ndani wa kioo.

Upande ambao karatasi ya kasuku inashindwa waziwazi ni kudumu bila kioo. Printa yangu hutumia wino wa rangi iliyoyeyuka, si ule wa chembechembe za pigmenti, na tabaka lenye vitundu linaloukausha upesi ndilo hilohilo linaloiruhusu hewa kuingia na kuzishambulia rangi. Nilibandika vipande viwili dirishani, kila kimoja nusu yake ikiwa imefunikwa kwa kadi. Mwisho wa wiki sita kipande cha kasuku kilionyesha mpaka dhahiri kati ya nusu mbili. Cha Canon kilihitaji nikisogeze kwenye mwanga ndipo niuone. Kwa hiyo kazi ya kulipiwa vizuri na kutundikwa wazi, kama picha kubwa ya ukumbini, ningeigharimia karatasi ya kiwanda bila kusita, na kumwambia mteja ni kwa nini bei imepanda.

Karatasi zilizobaki zirudishwe kwenye mfuko wake wa nailoni, zilazwe, na mfuko ufungwe. Niliacha tano mezani usiku mmoja wa mvua, na asubuhi zilikuwa zimejipinda kama maganda ya mihogo; zilinyooka baada ya siku mbili chini ya rundo la vitabu vya hesabu vya duka, lakini mbili zilikuwa zimeshika vumbi.

Nimeagiza tena pakiti kumi za kasuku, kwa sharti kwamba anayeninunulia Kariakoo afungue moja mbele ya muuzaji, achane pembe na adondoshe tone la maji, kisha ndipo alipe. Karatasi ya kwanza ya mzigo huo niliitumia kuchapa upya ile picha ya harusi, kutoka kwenye faili niliyokuwa bado ninayo, nikaipeleka Chumbageni ikiwa ndani ya kadi yake. Mama mdogo aliitikia shikamoo yangu, akaipokea kabla sijaitia kwenye fremu, akaiinamisha dirishani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaiangalia, akaifuta tena. «Mwanangu,» akasema, «mbona kama ina vumbi haitoki?»